Mlihesabu makombora, mkaisahau shaba

Bwana Mhariri,

Nimesoma mara mbili makala yenu kuhusu frigeti za Afrika Kusini, na nawashukuru kwa moyo. Si mara nyingi gazeti la Kiswahili linapoipa nafasi habari ya manowari, tena kwa wasomaji wa Katanga ambao bahari wanaiona kwenye picha. Lakini makala ilihesabu mizinga na makombora, ikaishia hapo. Meli ya namna hii haiishi kwa makombora. Inaishi kwa mabomba, zinki, mazutu (mafuta ya dizeli) safi na mikono ya watu wanaovitunza, na katika mambo hayo msomaji wa Lubumbashi si mgeni. Naomba nafasi niyaeleze, na nisahihishe makosa matatu.

La kwanza ni la neno lenyewe. Mliandika kwamba frigeti ni "manowari kubwa kuliko zote". Sivyo. Manowari ni jina la meli yoyote ya vita, neno ambalo watu wa pwani walilichukua kwa mabaharia wa Kiingereza. Katika manowari, korveti ni ndogo, frigeti inafuata, juu yake kuna distroya na kruza, na kubwa kabisa ni meli za kubebea ndege. Enzi za matanga frigeti ilikuwa meli ya mbio yenye safu moja ya mizinga, ikitangulia kupeleleza na kurudi na habari. Matanga yalipoondoka, jina nalo liliondoka. Waingereza walilirudisha katika Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya meli za kusindikiza misafara na kuwinda nyambizi za Wajerumani. Tangu hapo frigeti ni meli ya ulinzi wa njia: hukaa baharini wiki nyingi, husikiliza, huongozana na meli za mizigo. Sisi Wakongomani jina tunalijua kwa vyeo tu. Kapiteni wa frigeti katika FARDC, jeshi la nchi yetu, ni sawa na luteni kanali wa nchi kavu, ingawa frigeti yenyewe hatuna, na pwani yetu kule Moanda na Banana haifiki kilomita 50.

Meli nne mlizozitaja ni za daraja la Valour, kwa muundo wa Kijerumani uitwao MEKO A-200: Amatola, Isandlwana, Spioenkop na Mendi. Zilijengwa Hamburg na Kiel, zikaingia kazini rasmi mwaka 2006 na 2007. Ununuzi wake wa mwaka 1999 ulizua mashtaka na malumbano mengi. Hayo yameandikwa na wengine. Kila moja ina urefu wa mita 121, upana wa mita 16 na kidogo, na uzito wa karibu tani 3,700. Kwetu kipimo kiko jirani: shemine, yaani dohani, ya kampuni ya madini Gécamines mjini Lubumbashi ina mita 153. Ukiilaza chini kando ya meli hiyo, itaizidi kwa mita 30 na zaidi.

Na shemine ndiyo kitu ambacho frigeti hizi hazina. Tazameni tena picha mliyoichapa, hamtaona dohani. Moshi wa mashine hupozwa kwa maji ya bahari, kisha hutolewa chini, karibu na usawa wa maji. Sababu ni kwamba makombora mengine hutafuta joto, na dohani ya moto juu ya meli ni kama taa usiku. Mbavu za meli nazo hazikusimama wima. Zimeinamishwa ili mawimbi ya rada yarukie pembeni yasirudi yalikotoka. Meli haifichiki kabisa kwa njia hiyo. Inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na adui anapoteza dakika kadhaa akijiuliza anatazama nini.

Kosa la pili liko kwenye mashine. Mliandika kwamba turbini inazungusha rafadha, yaani mapanga ya chini ya maji yanayosukuma meli. Hapana. Ndani mna moteri mbili za dizeli za MTU, kila moja karibu kilowati 5,900, na turbini moja ya gesi, LM2500 ya General Electric, yenye kilowati 20,000. Dizeli ndizo zinazozungusha rafadha mbili. Turbini inaendesha pampu kubwa iliyowekwa katikati ya tezi, yaani nyuma ya meli, inayofyonza maji chini ya meli na kuyatema nyuma kwa kishindo. Meli ikitaka mbio, turbini inawashwa na dizeli zinaendelea kusaidia, na mwendo unapita noti 28, yaani maili 28 za baharini kwa saa. Ikiwa katika safari ya kawaida, turbini inalala. Gia zimeungwa kwa namna ambayo dizeli moja peke yake inaweza kuzungusha rafadha zote mbili, huku ya pili imezimwa au fundi yuko ndani yake na spana.

Mpango huu umetokana na tabia ya turbini. Ni ndugu wa injini za ndege: LM2500 ni wa ukoo mmoja na injini za zile DC-10 za Air Zaïre ambazo wazee wengi hapa wanazikumbuka. Ni nyepesi, ina nguvu nyingi, inawaka upesi. Lakini ukiiendesha polepole inakunywa mafuta vibaya kuliko dizeli. Kwa dizeli, kwa mwendo wa noti 16, meli hii inaweza kwenda maili 8,000 za baharini bila kujaza tangi. Pigeni hesabu: saa 500, karibu siku 21. Kutoka kituo chake cha Simon's Town hadi Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, ni karibu maili 2,000, yaani siku tano na saa chache. Inafika, inafanya doria, inarudi, na mafuta bado yamo.

Silaha mlizitaja sawasawa, sitazirudia zote. Nitaongeza moja tu kuhusu kombora la Umkhonto, maana yake mkuki. Linatengenezwa Afrika Kusini kwenyewe. Linaruka wima kutoka sitahani, linageuka, kisha linafuata joto la shabaha lenyewe hadi kilomita 12 hivi. Kwa kuwa linajiongoza, meli haihitaji kuimulika shabaha kwa rada hadi mwisho, kwa hiyo inaweza kushughulika na zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Sasa nije kwenye shaba, ambayo makala haikuitaja hata mara moja. Mwishoni mwa Desemba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi Vega 5 katika maji ya Msumbiji. Januari 2011 Afrika Kusini ikatuma SAS Mendi kwenye mlangobahari wa Msumbiji, na mwaka 2012 Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zikatia sahihi makubaliano ya kulinda njia hiyo pamoja. Kazi hiyo waliipa jina la Operesheni Copper, na maana yake ni shaba tu. Jina hilohilo jimbo letu lilikuwa nalo tangu 1971 hadi 1997. Shaba inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye malori na kupakiwa melini Beira, bandari ya Msumbiji, hutokea kwenye mlango huohuo wa bahari. Mhariri angeweza kuanzia hapo, na kila dereva wa lori pale mpakani angeisoma makala hadi mwisho.

Shaba na frigeti zina udugu wa zamani kuliko huo. Meli za mbao ziliteswa na mdudu wa baharini anayetoboa mbao, na majani na viumbe vya magamba vinavyoota chini na kuupunguza mwendo. Mabaharia wa majahazi yetu ya pwani walipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na kuurudia kila chombo kilipopwelewa. Waingereza mwaka 1761 walijaribu njia nyingine: waliifunika frigeti Alarm, ya mizinga 32, kwa mabati membamba ya shaba chini yote, wakaipeleka visiwa vya Karibi. Mdudu hakugusa mbao, majani hayakuota. Lakini walipoikagua miaka miwili baadaye, mabati yalikuwa yamebanduka sehemu nyingi, kwa sababu misumari ya chuma iliyoyashikilia ilikuwa imeliwa ikawa kama ugali laini. Mahali pachache misumari ilikuwa mizima. Pale, karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabati ilikuwa imeachwa, ikatenganisha shaba na chuma.

Karatasi ile ndiyo somo lote la utunzaji wa manowari hadi leo. Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi vinakuwa betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni chuma. Frigeti ya kisasa ni chuma tupu tumboni, lakini rafadha za manowari kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na aluminiamu, nikeli na chuma kidogo. Shaba pekee hufika karibu asilimia 80. Mabomba ya maji ya bahari nayo mara nyingi ni shaba asilimia 90 na nikeli 10. Kwa hiyo kila manowari inaelea na betri kubwa mgongoni. Dawa yake ni zinki. Vipande vya zinki hufungwa kwa bolti kwenye tumbo la meli, karibu na rafadha na usukani. Zinki inakubali kuliwa kabla ya chuma, nayo inaliwa polepole hadi inaisha. Ndiyo madini yaleyale yanayochimbwa Kipushi.

Na hapa ndipo makosa hufanyika. Meli inapopandishwa gudini, mahali pakavu pa kutengenezea meli, kwanza tumbo huoshwa kwa maji matamu yenye nguvu, upesi, kabla viumbe vya magamba havijakauka. Vikikauka vinashika kama saruji na kuvibandua kunachubua rangi. Kisha zinki hukaguliwa. Kipande kilichobaki nusu hubadilishwa, hakingojewi kiishe, maana safari inayofuata ni ndefu kuliko kilichobaki. Kipande ambacho hakijaliwa kabisa ndicho kinachopaswa kumtia fundi wasiwasi. Huenda bolti zake zina kutu na hazigusi chuma safi. Huenda mpakaji rangi, katika haraka yake, aliipaka zinki pamoja na tumbo. Zinki iliyopakwa rangi ni pambo. Kinacholiwa badala yake ni meli. Vivyo hivyo kwenye vali: bolti moja ya chuma cha kawaida iliyotiwa kwenye vali ya shaba, kwa sababu ile sahihi haikuwepo dukani, inaisha ndani ya miezi, na nyuma ya vali hiyo kuna bahari.

Mabomba ya shaba na nikeli yana tabia yake pia. Yanajilinda kwa utando mwembamba unaojijenga ndani, na utando huo unahitaji wiki kadhaa za maji safi ya bahari ili ukomae. Ukilijaza bomba jipya maji machafu ya bandarini, yenye harufu ya mayai viza, ukayaacha yatulie humo, utando haukomai na bomba linaanza kutoboka vishimo. Ukisukuma maji kwa kasi ya kupita mita 3 na kitu kwa sekunde, utando unasuguliwa, hasa penye kona. Ndiyo maana frigeti iliyofungwa gatini mwaka mzima inaweza kuharibika kuliko inayofanya kazi. Meli isiyotembea haipumziki.

Mazutu nayo. Chini ya tangi hukusanyika maji, na kati ya maji na mafuta huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi unaoziba vichujio. Dawa ni kumwaga maji ya chini ya tangi kila siku, kupitisha mafuta kwenye mashine ya kuchuja kabla ya kufika motoni, na kupima. Turbini huvuta hewa yenye chumvi, chumvi hushika kwenye mapanga yake, nguvu hupungua na joto hupanda. Kwa hiyo huoshwa kwa maji matamu yaliyosafishwa kwa ratiba, si pale mtu anapokumbuka. Mgodi wa Kipushi ulifurika mwaka 2011 baada ya pampu kushindwa, na kila fundi wa hapa anafahamu kwamba maji hayangoji bajeti. Afrika Kusini yenyewe imekiri mbele ya bunge lake kwamba fedha za matengenezo ya meli hizi hazitoshi, na kwamba muda wao gatini umekuwa mrefu. Makala yenu ilipaswa kulisema hilo kabla ya kuandika kwamba frigeti nne "zinalinda kusini yote ya Afrika". Meli iliyo kwenye orodha na meli iliyo baharini ni vitu viwili.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike. Mlisema majina yote manne ni ya milima na mapigano. Matatu, ndiyo. Amatola ni milima ambako Waxhosa walipigana na Waingereza. Isandlwana ni mahali Wazulu walipolishinda jeshi la Uingereza tarehe 22 Januari 1879. Spioenkop ni kilima ambako Makaburu waliwashinda Waingereza Januari 1900. Mendi si mlima wala pigano. Ni meli ya abiria, ya tani 4,230, iliyojengwa Glasgow mwaka 1905.

Januari 1917 Mendi iliondoka Cape Town na wanaume zaidi ya 800 wa kikosi cha vibarua wa Kiafrika, wakielekea Ufaransa kuchimba, kupakua na kujenga nyuma ya vita. Hawakupewa bunduki, serikali ya kwao haikutaka mtu mweusi abebe silaha. Alfajiri ya tarehe 21 Februari, katika ukungu mzito kusini mwa kisiwa cha Wight, Uingereza, meli nyingine iitwayo Darro, kubwa zaidi ya mara mbili, iliigonga ubavuni. Darro ilikuwa ikienda kasi bila kupiga honi ya ukungu. Mendi ilizama kwa muda usiofika nusu saa, maji yakiwa ya baridi ya Februari. Darro ilikaa pale bila kuteremsha boti kuwaokoa. Walikufa watu 646, kati yao vibarua weusi 607. Uchunguzi ulimkuta nahodha wa Darro na hatia, akanyang'anywa leseni kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja. Vibarua wale hawakupewa hata nishani za vita.

Ndio ambao jina lao limeandikwa kwenye tezi ya frigeti. Tarehe 23 Agosti 2004 SAS Mendi, ikiwa mpya, njiani kutoka Ujerumani kwenda nyumbani, ilisimama juu ya mahali Mendi ya kwanza ilipolala, pamoja na manowari ya Uingereza Nottingham, wakaweka shada la maua majini. Kengele ya meli ile, iliyotolewa baharini na kukaa mafichoni miaka mingi, ilirudishwa Afrika Kusini Agosti 2018.

Na huku kwetu vita ilikuwa ile ile. Julai 1915 boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipita Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, juu ya treni kutoka Cape Town. Zikashushwa Fungurume, zikaburutwa msituni na kupandishwa milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikateremka mto Lualaba, kisha zikapelekwa tena kwa treni hadi zikaingia ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Kabla ya boti kupita, njia ililazimika kufyekwa, na madaraja zaidi ya 100 kujengwa. Waliofyeka na kujenga walikuwa watu wa Katanga. Jina la afisa aliyeongoza boti hizo liko kwenye vitabu. Majina ya wafyekaji sijayaona kwenye meli yoyote, wala kwenye bamba lolote kati ya Fungurume na Sankisia.

Naomba basi, Bwana Mhariri, mrekebishe mistari mitatu: frigeti si manowari kubwa kuliko zote, turbini haizungushi rafadha, na Mendi ni jina la meli iliyozama na vibarua 607 weusi. Kama mnaona mahali pa kuyachapa, chagueni toleo la tarehe 21 Februari. Ndiyo siku ambayo majeshi ya Afrika Kusini huwakumbuka watu wale kila mwaka.

Wenu,
Fundi wa dizeli na pampu
Kamalondo, Lubumbashi